Uji Ambao Haukumwagika

Nansio, Ukerewe
14 Januari 2024

Mdogo wangu Maige,

Salaam nyingi kwako, kwa wifi na kwa mwanao Precious. Huku kwetu Byabato na Eugenia hawajambo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu unayo. Simu nimeijaribu. Siku ya Krismasi uliponiambia kwamba Shangazi Sabina anamwomba Precious akakae naye Nyakato, asome shule za mjini, nilikuambia usimpeleke. Ukaniuliza kwa nini. Nikakata simu, halafu nikakutumia ujumbe kwamba chaji imeisha. Chaji haikuisha. Ndiyo maana naandika. Barua nampa Ngosha, yule anayeleta dagaa huko Misungwi, akukabidhi wewe mkononi.

Baba alipofariki ulikuwa na miaka minne, mimi minane. Wewe ulibaki na Mama, mimi nikachukuliwa na Shangazi, nikakaa kwake miaka saba. Katika ukoo wetu habari hiyo husemwa kwa namna moja tu: Mwalimu Sabina hakujaliwa mtoto, akamchukua yatima wa kaka yake, akamsomesha, leo ni nesi. Yote hayo ni kweli. Sasa nakuambia yaliyobaki.

Alikuwa ananipiga. Sisemi viboko viwili vya mtoto aliyevunja glasi. Akirudi kutoka shuleni anaongea, tulikula vizuri. Akirudi kimya, nilijua. Nyuma ya jiko kulikuwa na stoo ya mkaa yenye mlango wa bati. Alikuwa ananifungia humo na kuniambia nihesabu kwa sauti hadi elfu moja. Nikiruka namba, naanza upya. Siku nyingine alikuwa anasahau, au anajifanya kusahau, na mimi nilishafika elfu moja zamani, naogopa kunyamaza, naendelea.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, hivi visivyonyooka, unavijua. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikula kipande cha samaki, sato, kilichowekwa kwa ajili ya mgeni. Aliushika mkono wangu akaubandika kwenye mfuniko wa sufuria iliyokuwa motoni. Siku hiyo alihesabu yeye, polepole, hadi kumi. Kisha akanipaka dawa ya meno, akanipakata, akalia kuliko mimi. Akasema, "Unaona unavyonilazimisha?"

Nimeishi na hayo miaka ishirini na saba bila kumwambia mtu. Hata mume wangu Byabato hakujua. Mwezi wa kumi Eugenia alimwaga maziwa sakafuni. Nilimkamata mkono, nikasikia maneno yakitoka kinywani mwangu: "Unaona unavyonilazimisha?" Mtoto ana miaka mitano, Maige. Hakulia. Alinisoma uso, kama mimi nilivyokuwa nikimsoma Shangazi.

Nilimwachia, nikaenda kukaa chooni mpaka Byabato alipokuja kunitoa. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Bi Chenge, afisa ustawi wa jamii wa huku kwetu. Kila Alhamisi tunakaa naye, mimi na wanawake wengine wanne. Alhamisi tatu za kwanza nilikuwa nawachemshia chai tu.

Sikuombi umchukie Shangazi. Nakuomba jambo moja: Precious ana miaka minane, umri uleule niliokuwa nao mimi. Usimpeleke.

Nijibu haraka.

Dada yako,
Getruda


Misungwi
23 Januari 2024

Dada Getruda,

Shikamoo. Barua nimeipata. Umeniandikia kwa karatasi na mimi najibu kwa karatasi, maana simu yangu Mama huishika muda wote kusikiliza redio, na haya si mambo ya kumfikia.

Dada, nimeisoma mara tatu. Sitaki kusema unadanganya. Lakini na mimi niseme ya kwangu. Nani kati yetu hakupigwa? Mimi Baba mdogo alinifunga kwenye mti wa mchungwa kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyeingia kwenye pamba ya watu. Nimekua. Siandiki barua.

Unajua mimi nilikuwa nakuonaje? Ulikuwa unakuja likizo na viatu vyeusi na soksi nyeupe, unaongea Kiswahili cha mjini, mimi nakuangalia na kaptura yangu yenye matundu. Nilikuwa namuuliza Mama kwa nini Shangazi hakunichukua mimi. Baadaye ada yangu ya sekondari alilipa nani? Yeye. Leo nina kazi ya ukarani pale ghala la pamba kwa sababu yake. Mtu wa namna hiyo nikamwambie nini?

Mkono wako Mama alishanieleza tangu nikiwa mdogo. Ulimwagikiwa na uji. Labda ulikuwa mtoto ukachanganya mambo, maana maumivu yanachanganya. Na barua zako Mama anazo zote, kwenye sanduku la vitenge. Nimezitoa nikazisoma. Hii hapa ya mwaka 1997, nanakili kama ilivyo: "Mimi ni mzima wa afya. Shangazi ananipenda sana. Ninakula vizuri na ninasoma kwa bidii. Msiwe na wasiwasi." Huo ni mwandiko wako, Dada. Nani alikulazimisha kuandika hivyo?

Suala la Precious niachie mimi, baba yake. Usiniharakishe.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Maige


Nansio
30 Januari 2024

Maige,

Umeuliza nani alinilazimisha. Nakujibu.

Ilikuwa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa. Ananikalisha mezani, ananipa karatasi na kalamu ya wino wa bluu, anasimama nyuma ya kiti changu. Sentensi zilikuwa nne na alizitamka yeye. Mimi ni mzima wa afya. Shangazi ananipenda sana. Ninakula vizuri na ninasoma kwa bidii. Msiwe na wasiwasi. Chozi likidondoka wino ukasambaa, karatasi inachanwa, naanza nyingine. Zichukue zote zilizo kwenye lile sanduku, uzipange mezani. Utaona ni barua moja imeandikwa mara themanini. Mtoto gani, mdogo wangu, anakaa miaka saba mjini bila kuwaandikia wenzake habari ya paka, wala ya mvua, wala ya rafiki?

Uji haukumwagika. Sijui Mama aliutoa wapi. Labda Shangazi alimwambia hivyo. Mimi sikuwahi kuutaja.

Kuhusu kufungwa kwenye mchungwa: pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu nadhani hakuna aliyekupa. Lakini ukiniambia umekua na huandiki barua, mimi naona umeandika. Baada ya miaka ishirini na tano bado unakumbuka ulikuwa mti gani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyosoma yangu, na kuna kitu ndani yake kinanikosesha usingizi. Umejibu kila jambo isipokuwa lile nililokuomba. Shule zimefunguliwa tarehe nane. Nakuuliza kwa maneno machache ili usipate pa kupita.

Precious yuko wapi?

Getruda


Nyakato, Mwanza
6 Februari 2024

Mwanangu Getruda,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Nina afya njema kwa neema ya Mungu, isipokuwa miguu inavimba. Nimestaafu ualimu lakini bado naongoza kwaya ya akina mama. Nakuandikia kwa sababu Maige alikuja hapa Jumamosi na barua zako mfukoni. Aliniuliza maswali mbele ya mtoto. Nilimwambia azisome kwa sauti, tusikie wote. Hakufika hata nusu. Alikunja karatasi zake akaomba maji ya kunywa, nikampa, akaondoka.

Sitabishana na wewe. Nimefundisha miaka thelathini na minne na najua mtoto anavyokumbuka: adhabu anaikumbuka, kosa amelisahau. Ulipofika kwangu ulikuwa unakojoa kitandani, hujui kushika kijiko, unaiba chakula. Ulipoondoka ulikuwa wa pili darasani. Katikati hapo unadhani kulitokea nini, miujiza? Mimi mwenyewe nililelewa na mama wa kambo aliyenipiga kwa mpini wa jembe. Sikumpeleka kwa maafisa. Nilimzika kwa heshima na jiwe nikamwekea.

Maige amenitajia kwamba unakwenda kukaa na wanawake kila Alhamisi kunisema. Sawa. Lakini hapo unapokaa umevaa sare nyeupe ya unesi, jiulize sare hiyo ilitoka wapi.

Precious yupo hapa tangu wiki ya kwanza ya Januari. Mdogo wako hakukuambia? Labda aliogopa kelele zako. Ni mtoto mzito kidogo, ana kiburi cha kimyakimya kama chako, lakini anaanza kunyooka. Amependa kukusalimia. Nimemwachia nafasi hapa chini.

Mungu akupe moyo wa shukrani.

Ni mimi shangazi yako,
Mwl. Sabina Luhaga

*Shikamoo shangazi Getruda. Mimi ni mzima wa afya. Bibi ananipenda sana. Ninakula vizuri na ninasoma kwa bidii. Msiwe na wasiwasi. Precious.*


Nansio
11 Februari 2024, Jumapili

Maige,

Barua ya Shangazi nimeipata jana jioni. Nimekupigia tangu jana hupokei, na leo umezima kabisa. Ngosha anavuka sasa hivi, nampa hii akuletee kabla ya kitu kingine chochote.

Soma mistari ya mwanao mwishoni mwa karatasi ninayoambatanisha, kisha soma ile ya mwaka 1997 uliyoninakilia kwa mkono wako mwenyewe.

Kesho napanda meli ya asubuhi. Bi Chenge amempigia mwenzake wa ustawi huko Mwanza, na mwenyekiti wa mtaa amekubali kuwepo. Saa sita mchana tutakuwa mlangoni kwa Shangazi. Sijawahi kuvuka kizingiti kile tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Lakini nitakwenda.

Sikulaumu kwa sasa, sina nafasi ya kukulaumu. Wewe ndiye baba. Mtoto atakapotoka pale, atatafuta uso wako kwanza.

Uje.

Getruda


Misungwi
18 Februari 2024

Dada,

Shikamoo.

Jumatatu tuliachana bila kuongea. Wewe ulikwenda na Precious hospitali, mimi nikabaki polisi kuandikisha maelezo, kisha ukawahi meli. Nimekaa siku sita nikijaribu kuandika hii. Nitaanza na uongo wangu. Nilimpeleka Precious tarehe sita Januari. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshampeleka wiki mbili kabla. Nilipokuandikia "niachie mimi" alikuwa tayari yuko kule. Sikuweza kukuambia, kwa sababu ningekuambia ningelazimika kuchagua kati ya kukuamini na kumwacha mtoto, na nilikuwa sitaki kuchagua. Nilitaka iwe uongo. Kama ni kweli, basi viatu vyako nilivyovionea wivu, na ada yangu, na kazi hii, vyote vilitoka kwenye nyumba ileile yenye stoo.

Jumamosi ile nilipokwenda kumuuliza Shangazi, Precious alikuwa amekaa mbele yangu. Sikuona alama yoyote, alivaa soksi ndefu. Nilimuuliza, "Uko salama, mwanangu?" Akamtazama Bibi yake kwanza ndipo akasema ndiyo. Niliona, Dada. Niliona macho yalivyokwenda. Nikanywa maji nikapanda gari. Hilo nitakufa nalo.

Jumatatu nilifika nimechelewa, ndiyo maana hukuniona mwanzoni. Nilisimama getini, sikuingia. Nilimsikia Shangazi anawakaribisha kwa sauti yake ya kanisani, "Karibuni viti, karibuni soda. Mtoto yuko shuleni." Yule afisa akasema wametokea shuleni, na hajaonekana tangu Alhamisi. Shangazi akasema, "Basi anaumwa, amelala, msimsumbue."

Wewe hukukaa. Ulipita sebuleni ukaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kama mtu anayejua nyumba gizani. Mimi nikazungukia uani. Nikakusikia unaita, "Precious. Ni shangazi Getruda."

Na mle ndani sauti ya mwanangu ikajibu, "Bado sijamaliza. Niko mia sita na nne."

Mwenyekiti akaanza kudai ufunguo. Shangazi akasema hajui uko wapi, akaanza kutafuta kwenye kabati, polepole, anafungua droo hii anafunga. Wewe ulikaa chini pale kwenye vumbi la mkaa, na nguo yako nzuri, ukaweka mdomo kwenye upenyo wa bati, ukasema, "Basi tuhesabu wote. Mia sita na tano." Mkahesabu. Kwenye mia sita na ishirini ulikwama, na Precious ndiye aliyekuambia, "Shangazi, ni ishirini na moja." Hapo ndipo nilipousogelea mlango. Lile bati nililing'oa kwa mikono. Utaona kovu ukija.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakukimbia wala hakulia. Aliniambia, "Maige, mlango huo utautengeneza."

Katika barua yako uliniambia mtoto atatafuta uso wangu kwanza. Hakuutafuta. Alitafuta wako. Nilistahili hivyo.

Daktari ameandika yote: magoti yaliyochubuka kwa kupigishwa magoti juu ya vizibo vya soda, mgongo, sikio la kushoto. Hapa nyumbani anaomba ruhusa ya kula. Mama yake akimwekea sahani anauliza, "Hiki ni changu?" Juzi alidondosha kikombe cha bati, hakikuvunjika wala nini, akaenda mwenyewe kusimama kwenye stoo ya mahindi. Mke wangu alimfuata, akakaa naye humo mpaka alipokubali kutoka. Mke wangu hanisemeshi. Tangu mwanzo alikataa mtoto kwenda, nikamwambia hajui faida ya shule.

Sasa sikia jambo lingine. Dawati la jinsia na watoto limechukua kesi, na Baba mdogo amekuja juu. Ameitisha kikao cha ukoo tarehe kumi na sita mwezi wa tatu, anataka tuiondoe polisi tuyamalize nyumbani. Anasema mwanamke wa miaka sitini na tisa hawezi kupelekwa mahakamani na watoto aliowasomesha. Na kuna Mama, Dada. Nilimsomea barua yako ya kwanza. Nilipofika kwenye sato na mfuniko aliinuka akaenda shambani, jua la saa saba, bila jembe.

Sijui ameyapokeaje. Sijui nimwambie nini.

Nisamehe utakapoweza. Usiharakishe.

Maige


Misungwi
3-3-2024

Getruda mwanangu,

Naandika mwenyewe. Sikumwambia Maige aniandikie. Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima utanivumilia.

Maige ananiuliza huo uji ulitoka wapi. Anadhani Mwalimu alinidanganya. Mwalimu hakunidanganya.

Nilikuja Nyakato mwaka ule wa mvua nyingi. Nilileta michembe ya viazi na kuku. Wewe ulitoka ndani mkono umefungwa kitambaa. Mwalimu alikuwa jikoni. Nilifungua kitambaa nikaona. Mimi nimepika maisha yangu yote najua uji unaunguzaje. Uji unatiririka. Ule wako ulikuwa na mstari, mviringo wa mfuniko. Niliona na nikafunga kitambaa tena. Sikuuliza. Wala yeye hakusema kitu.

Nilipoaga ulishika kitenge changu. Hukulia. Ulishika tu. Nilikubandua kidole kimoja kimoja, ule mkono mzima, nikaenda stendi. Njiani nikajiambia ni uji. Nilipofika nyumbani niliwaambia watu ni uji. Nimesema mpaka nikaamini. Uji niliutunga mimi.

Nataka ujue kwa nini lakini si kwamba ni sababu. Baba yako alipokufa ndugu zake walitaka kunitoa kwenye shamba. Ni Mwalimu aliyesimama akasema huyu mwanamke abaki. Nilijua nikimgusa, mimi na Maige tunalala nje. Nilikuwa na watoto wawili na nikapima. Nilikutoa wewe.

Usiseme ulikuwa mtoto ukachanganya. Hukuchanganya. Mimi ndiye niliyejua.

Mama yako,
Kwangu Luhaga


Nansio
7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa sare yangu mwezi mzima na zaidi. Nimekwenda nayo kazini, nimezalisha wanawake kumi na mmoja ikiwa mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu kutoka kwako, isipokuwa ukweli. Nilikuwa tayari ukatae, nikukasirikie, basi. Badala yake umeniambia uliona.

Nikuambie ilivyonifanya. Kwanza nilipata nafuu, kama mtu aliyeambiwa hana kichaa. Siku mbili zilizofuata nilitaka kuja Misungwi kukupigia kelele mbele ya majirani. Byabato alinificha nauli. Nilimwambia Bi Chenge, "Shangazi aliniunguza mkono. Mama aliufunga kitambaa." Akaniuliza kipi kinauma zaidi.

Halafu Maige akapiga simu usiku wa kikao. Alikuwa analia hata sikumwelewa mwanzoni. Alinieleza kwamba Baba mdogo aliongea saa nzima, na wazee wakatikisa vichwa, na Shangazi amekaa kwenye kiti cha mbele na rozari yake. Kwamba ilipofika mahali pa kuulizwa kama kuna mwenye neno, wewe, ambaye miaka thelathini hujawahi kufungua mdomo mbele ya kina Luhaga, ulisimama. Ukasema, "Mkono wa mwanangu niliuona. Niliuficha mimi ili nisifukuzwe. Kama mnanifukuza leo, nifukuzeni, lakini kesho nakwenda polisi kuweka dole gumba." Baba mdogo akakuambia ukae. Ukamwambia hujachoka.

Maige anasema Shangazi aliinuka akaondoka peke yake, na hakuna aliyemsindikiza. Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo. Niliwaza miguu yake iliyovimba na kile kipande cha njia ya vumbi. Nikajichukia kwa kuwaza, na baadaye nikaacha kujichukia. Miaka saba alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa ananisuka nywele. Hilo nalo ni kweli, na sitaki tena kulazimika kuchagua ukweli mmoja.

Kesi imepangwa kusikilizwa mwezi ujao. Nitasimama kutoa ushahidi. Maige naye atasimama. Nimeambiwa jina lako pia limo kwenye orodha ya mashahidi. Utaulizwa maswali makali. Watakuuliza ulikuwa wapi miaka yote, na itabidi ujibu.

Precious anakuja kwetu Ijumaa hii kwa likizo fupi, mama yake anamleta. Maige ameniambia siku hizi anagombana na wenzake, jana amemrushia mtoto wa jirani kiatu. Wote walifurahi, isipokuwa jirani. Eugenia nimemwomba radhi kwa ile siku ya maziwa. Aliniuliza, "Maziwa gani?" Lakini kesho yake akaja akaniambia, "Mama, ile siku uliniumiza hapa," akanionyesha mkono wake. Alikuwa anakumbuka, alikuwa anapima kama pana usalama. Nilipabusu mahali penyewe, nikamwambia ni kweli, nilikuumiza, halikuwa kosa lako. Maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia, Mama. Nilijifunza kuyatamka siku hiyohiyo.

Sijakusamehe. Nakuandikia wazi ili usije na matumaini ya kukumbatiwa halafu yakaanguka. Siku nyingine naamka nakupenda, siku nyingine sitaki hata kusikia redio ya Kisukuma kwa sababu inaniletea sauti yako. Bi Chenge anasema hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa muda, na hakuniambia muda gani.

Lakini nimekaa nikafikiri. Nina miaka thelathini na saba na hujawahi kulala nyumbani kwangu. Siku zote nilisema meli inachosha, wewe ukasema shamba halina mtu. Panda na wifi na Precious hiyo Ijumaa. Usilete kuku wala michembe, usilete chochote cha mkononi. Nimekutandikia kitanda kwenye chumba cha watoto. Nitakuwa gatini kabla meli haijafunga kamba.

Sijui nitakuambia nini ukishuka. Wewe shuka.

Mwanao,
Getruda